Imeharibika, au Amefariki?

(Hotuba niliyoitoa Tanga mbele ya wanachuo wa uuguzi na wa sheria. Nimeiandika upya kutoka kwenye karatasi zangu. Vijembe vingine nimeviacha hukohuko ukumbini.)

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Assalaam aleikum. Na wale ambao hawajaingia kwenye hesabu hizo tatu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie swali lililoandikwa pale kwenye kitambaa: "Mtu anaanza lini?" Barua ya mwaliko ilinifanya nicheke peke yangu sebuleni. Nimekuwa mkunga miaka 34, na hakuna mzazi hata mmoja aliyewahi kuniuliza hivyo. Wazazi huuliza: Mzima? Wa kike au wa kiume? Mbona halii? Hiyo "lini" nilidhani ni swali la watu wanaokaa mbali na kitanda. Halafu nikakumbuka kwamba niliwahi kuulizwa, mara moja tu, na aliyeniuliza hakuwa mwanasheria, wala padri, wala sheikh. Alikuwa bibi mmoja aliyekuja na kipande cha bafta kwapani. Ngoja nianze naye.

Ilikuwa mwezi wa kumi mwaka 1991. Nilikuwa zamu ya usiku kwenye hospitali ya wilaya moja humu mkoani. Akaletwa mama kwenye gari la kubebea nazi, uchungu umemwanza kabla ya wakati wake. Daktari alikuwa mmoja, naye yuko chumba cha upasuaji. Kabla ya adhana ya alfajiri mtoto akatoka. Wa kiume. Hakupumua. Nilimfuta, nikamgeuza, nikajaribu yale tuliyofundishwa kujaribu, wapi. Mabega yake yalikuwa na nywele laini kama manyoya ya kifaranga, na vidoleni kucha zilishaota, ndogo kuliko punje za ulezi.

Sasa ikaja kazi ya kuandika. Wauguzi mnajua, mgonjwa akishatulia, kinachofuata ni kitabu. Mezani pale palikuwa na vitabu viwili. Kimoja cha wazazi: jina la mama, umri, mimba ya ngapi, jinsia ya mtoto, uzito, hai au mfu. Cha pili cha mimba zilizoharibika, ambacho baada ya jina la mama na idadi ya wiki hakikuwa na safu nyingine ya maana. Hakina jinsia. Hakina uzito. Mpaka kati ya vitabu hivyo viwili ulikuwa wiki 28. Ukifika 28, ni mtoto aliyezaliwa mfu, anafungiwa, ndugu wanakabidhiwa. Chini ya hapo, utaratibu wetu wa pale ulikuwa shimo la kondo la nyuma.

Yule mama hakuwa na kadi ya kliniki. Nikamuuliza damu ya mwisho aliiona lini. Akaniambia, "Dada, nakumbuka kwa funga. Niliacha kufunga mwishoni mwa Ramadhani, siku za kulipa sijazilipa mpaka leo." Zilikuwa ngapi? Hapo akasita. Tano. Au saba. Hakuwa na hakika.

Nikachukua kalenda, nikahesabu kurudi nyuma kutoka Idi. Kama deni lake lilikuwa la siku tano, mimba ilikuwa na wiki 27 na siku 5. Kama lilikuwa la siku saba, ilikuwa imetimiza wiki 28 siku ileile. Nilikaa na kalamu mkononi, naona aibu hata kuisogeza. Deni la siku mbili za funga ndilo lililokuwa likiamua kama yule aliyelala pale kwenye sahani ya chuma atazikwa au atatupwa.

Kumekucha, bibi mzaa mama akaingia. Nikamwamkia. Akaitikia, akaweka bafta mezani, juu ya vitabu vyangu, akasema, "Nimekuja kumchukua mjukuu wangu."

Nikamwambia, kwa sauti ile ya kitaalamu tunayoitumia tukiwa hatujui la kusema, "Bibi, kwa hesabu zetu hii huenda ikawa ni mimba iliyoharibika."

"Imeharibika nini? Chakula ndicho huharibika, mwanangu. Huyu kafa."

Nikamweleza habari ya wiki. Nikamweleza siku tano na siku saba. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, kisha akaniuliza lile swali ambalo leo mmelitundika kwenye kitambaa, ila yeye alilisema vizuri zaidi: "Kwani hizo siku mbili ndizo zilizomtia roho?"

Nikaandika saba. Mpaka leo sijui kama niliandika uongo. Akamvika bafta, akamfunga ndani ya khanga, wakaondoka na lile gari la nazi.

Naomba mwangalie tulivyokuwa tukisema, mimi na yule bibi. Mimi nilisema *imeharibika*. Yeye akasema *kafa*. Hatukubishana juu ya mwili, maana sote tuliuona. Tulibishana juu ya kiambishi. Walimu wenu wa Kiswahili waliwaambia upatanisho wa kisarufi ni mambo ya mtihani tu, lakini nendeni wodini mkasikilize. Mama akija kliniki mwezi wa pili husema "mimba inanisumbua", "imenitia kichefuchefu". *I, i, i.* Akija mwezi wa tano, amekaa palepale kwenye benchi, utamsikia, "Dada, jana usiku *amecheza*." Hakuna aliyemfundisha. Hakuna kikao kilichokaa. Siku fulani kati ya kliniki mbili, *i* imegeuka *a*, na aliyeigeuza ni yeye aliyeguswa kwa ndani.

Na lugha yetu haikai pamoja nasi muda wote. Tuna *kiinitete*, tuna *kijusi*, maneno ya vitabuni. Yameingizwa kwenye ngeli ya viti na vikapu, halafu watu wanabishana kama tuseme kijusi *kinacheza* au *anacheza*. Mseme mtakavyo. Lakini msijidanganye kwamba neno la kitaalamu halina upande. Anayesema "kijusi" na anayesema "mtoto wa tumboni" wote wameshatoa hukumu kabla kesi haijatajwa. Na magazeti yetu hayana haya: mtoto aliyekwisha kuzaliwa, aliyelia, akitupwa, huandikwa "kichanga *chaokotwa* jalalani". Huyo tayari ni mtu kwa kila sheria na kila dini, na bado tumemrudisha kwenye *ki*. Kumbe *a* inaweza kupokonywa.

(Kijana mmoja wa sheria alitikisa kichwa hapa. Nikamwambia asubiri, zamu yao inakuja.)

Ndiyo, nyie wa sheria. Nilipostaafu nilipata muda wa kusoma, nikamwomba mjukuu wangu anitafutie Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Nilitaka kujua sheria ya nchi yangu inamjibu nini yule bibi. Nikakuta haina jibu moja. Ina matatu.

Kifungu cha 150 hadi 152 vinaadhibu kutoa mimba. Anayemtoa mwanamke mimba, miaka 14. Mwanamke mwenyewe, miaka 7. Anayetoa vifaa au dawa huku akijua vitatumika kwa kazi hiyo, miaka 3. Hapo haijaulizwa mimba ina wiki ngapi. Nenda kifungu cha 219. Hapo pana kosa lingine, zito zaidi, la kuangamiza mtoto anayeweza kuzaliwa hai, na ushahidi wa mwanzo kwamba amefikia hali hiyo ni wiki 28. Zilezile wiki 28 za kitabu changu. Kisha rudi nyuma kidogo, kifungu cha 204, kinachosema ni lini mtoto anakuwa mtu anayeweza kuuawa: pale atakapokuwa ametoka mzima mzima mwilini mwa mama yake akiwa hai, awe amepumua au hajapumua, kitovu kiwe kimekatwa au hakijakatwa. Yaani, kwa kosa la mauaji, mtu anaanza mlangoni.

Sheria hii hatukuitunga sisi. Waingereza waliileta, na zile wiki 28 walizitoa kwenye sheria yao ya mwaka 1929. Wenyewe mwaka 1967 walitunga sheria mpya ya utoaji mimba, na mwaka 1990 wakashusha mpaka wao mkuu kutoka wiki 28 hadi 24, kwa sababu watoto njiti walikuwa wameanza kupona. Tazama hilo: mtoto hakubadilika, mashine ndizo zilizobadilika. Mtoto wa wiki 25 aliyezaliwa London mwaka huu na mtoto wa wiki 25 aliyezaliwa kwenye zahanati isiyo na umeme ni sawa kwa viungo vyote. Kama utu unategemea uwezo wa kuishi nje ya tumbo, basi utu unategemea jenereta. Mimi nimekaa na jenereta miaka mingi, na ninakwambia usiweke kitu cha thamani mikononi mwake.

Wakenya walitaka kumaliza ubishi kwa maandishi. Katiba waliyoipigia kura Agosti 4, 2010, Ibara ya 26, inasema maisha ya mtu yanaanza mimba inapotungwa. Imeandikwa, imekwisha. Wengi mlikuwa wadogo, lakini kampeni ile ilikuwa moto: makanisa mengi yalisimama upande wa "Hapana", na sababu mbili kubwa zilikuwa mahakama za kadhi na ibara hiyohiyo. Kwa nini wapinge ibara inayosema wanachoamini? Kwa sababu kifungu cha nne cha ibara hiyo kinaendelea: kutoa mimba hakuruhusiwi, isipokuwa kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa kuna haja ya tiba ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Yaani Ibara ya 26 imemwita mtu, kisha ikaeleza ni lini anaweza kuondolewa bila kesi. Na Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 214, bado ina maneno yaleyale ya Waingereza kwamba mtoto anakuwa mtu wa kuweza kuuawa akishatoka. Nchi moja, vitabu viwili mezani. Naijua meza hiyo.

Siwacheki Wakenya. Katiba yetu, Ibara ya 14, inasema kila mtu ana haki ya kuishi, na haikujisumbua kusema mtu anaanza lini. Ni ujanja, lakini ujanja huo haumsaidii muuguzi saa tisa usiku.

Tuje kwenye dini, na hapa nitakaa kidogo, maana ndiko watu wengi wanakodhani kwamba jibu ni moja na ni la zamani. Waislamu humu ndani wamesoma hadithi ya Ibn Masud: siku 40 tone, siku 40 pande la damu, siku 40 pande la nyama, kisha malaika hutumwa kupuliza roho. Siku 120. Yule bibi yangu hakuwa ameisoma kwenye Bukhari, ila aliijua kwa vitendo. Pwani yetu ni ya madhehebu ya Shafii, na mimba iliyopita miezi minne ikitoka, hata bila dalili ya uhai, huoshwa, huvikwa sanda, huzikwa. Kwa hiyo aliponiuliza habari ya siku mbili alikuwa ananiambia: nyie mmechelewa, sisi tulishampokea miezi zaidi ya miwili iliyopita.

Lakini msikimbilie kusema "basi kabla ya siku 120 ni ruhusa". Wanazuoni hawakukubaliana hivyo. Wako wa Hanafi waliolegeza kabla ya muda huo palipo na sababu. Maliki kwa jumla wamekaza tangu mwanzo. Imam Ghazali, ambaye ni Shafii kama watu wa hapa, aliyefariki mwaka 1111, alifundisha jambo ambalo mimi kama mkunga sijaona mtu aliyelisema vizuri zaidi: kwamba kuvuruga ni kosa tangu maji mawili yanapochanganyika, na kosa hilo linazidi uzito hatua kwa hatua, tone, pande la damu, pande la nyama, roho, mpaka kufikia upeo wake mtoto akishazaliwa hai. Hakutafuta mlango mmoja. Alichora ngazi.

Na fidia je? Mtume aliamua shauri la wanawake wawili wa kabila la Hudhayl waliogombana, mmoja akampiga mwenzake jiwe, kilichokuwa tumboni kikafa. Fidia iliyotolewa, ghurra, wanachuoni waliithaminisha kwa ngamia watano, ambapo mtu mzima ni ngamia mia. Sehemu moja ya ishirini. Si sifuri, na si mia.

Wakristo nao wana historia ndefu kuliko mabango. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kina habari ya wanaume wanaopigana wakamwumiza mjamzito. Kwa Kiebrania, adhabu inategemea kilichompata mama. Wayahudi wa Misri walipotafsiri kwa Kigiriki waliweka tofauti ambayo Kiebrania hakina: kama mtoto hajaumbika, faini, kama ameumbika, uhai kwa uhai. Tafsiri hiyo ndiyo mababa wengi wa Kanisa waliisoma. Thomas wa Akwino, akimfuata Aristotle, aliona roho ya kiutu haiingii siku ya kwanza, inaingia mwili ukiwa tayari kuipokea, na bado alisema kutoa mimba ni dhambi wakati wowote. Papa Sixtus V mwaka 1588 aliadhibu utoaji wote sawa, awe ameumbika au hajaumbika. Miaka mitatu baadaye Gregori XIV akarudisha tofauti. Mwaka 1869 Pius IX akaiondoa tena. Na tamko la Vatikani la mwaka 1974, lililokataza kutoa mimba bila kupepesa, lilisema wazi kwamba linaliacha pembeni swali la ni wakati gani roho inaingia. Nilirudia kusoma hapo mara tatu. Kanisa halikusema "tunajua ni lini". Lilisema: hata ukiwa na shaka, shaka yenyewe inatosha kukuzuia.

Hoja hiyo ndiyo nzito kuliko zote za upande huo, na wanaotetea ruhusa wengi huikwepa. Mwindaji yuko porini, nyasi zinatikisika. Huenda ni swala, huenda ni mtoto anayechuma uyoga. Hajui. Je, apige? Hakuna kati yetu atakayesema apige. Na ukiongeza hoja ya mfululizo inauma zaidi: mimi niliyesimama hapa niliwahi kuwa mwanafunzi, kabla ya hapo mtoto mchanga, kabla ya hapo tumboni kwa mama yangu, na huko nyuma sioni pengo lolote ambapo mtu mwingine aliondoka nikaingia mimi.

Nimeishi na hoja hizo mbili muda mrefu, na hivi ndivyo ninavyoziona. Ile ya mfululizo inakwama mwanzoni kabisa. Mpaka karibu na siku ya 14 baada ya kutungwa, kile kilichotungwa kinaweza kugawanyika kikawa mapacha. Nimezalisha Kulwa na Doto wengi. Kama siku ya tatu alikuwapo mtu mmoja, na siku ya kumi wako wawili, yule wa kwanza alikwenda wapi? Alikufa bila maiti? Ndiyo sababu moja iliyotolewa wakati kamati ya Uingereza iliyoongozwa na Mary Warnock mwaka 1984 ilipoweka mpaka wa siku 14 kwa utafiti wa maabara. Tena nyingi ya hizo zilizotungwa hutoka zenyewe hata kabla mwanamke hajakosa siku zake, na sijawahi kuona dini, wala katiba, wala ukoo, ukiweka tanga kwa ajili yao. Anayesema kwa mdomo kwamba hapo pana mtu sawasawa na mimi, mikono yake haisemi hivyo.

Na yule mwindaji? Mwindaji akishusha bunduki anarudi nyumbani bila swala, basi. Hapotezi kitu kingine. Mwanamke mwenye kifafa cha mimba, presha imepanda, macho yameanza kuona nyota, hayuko kwenye uwindaji. Yeye ndiye amelala kwenye nyasi. Hoja ya shaka inamhesabu mmoja na kumsahau wa pili, ambaye juu yake hakuna shaka yoyote. Ana jina, ana watoto wanne nyumbani. Walimu wa Kiyahudi waliliona hilo zamani katika Mishna, mkusanyo wa sheria zao za kale: mama akishindwa kujifungua na maisha yake yako hatarini, uhai wake unatangulia, lakini sehemu kubwa ya mtoto ikishatoka, haguswi mtoto, kwa kuwa nafsi haiondolewi kwa ajili ya nafsi.

Lakini wenzangu wa upande wa pili nao nina neno nao. Nimekaa kwenye semina ambapo msemaji, mtu wa mjini, suti safi, alisema hilo ni "tishu tu" mpaka wiki ya 24. Nikamwuliza kama amewahi kushika tishu ya wiki ya 20. Hakuwahi. Mwanamke akija analia kwamba mtoto wake hachezi tena tangu juzi, huwezi kumwambia apunguze kilio kwa sababu bado wiki nne afikie mtu. Na huwezi kumwambia wa kitanda cha pili, mwenye wiki zilezile, kwamba cha kwake si kitu kwa vile hakukitaka. Kutakwa kunaongeza furaha, sikatai. Ila kama kutakwa ndiko kunakomfanya mtu kuwa mtu, wako wengi humu ukumbini ambao utu wao uko mashakani, kuanzia mimi, mtoto wa saba wa mama aliyetaka watano.

(Hapa walicheka, na mimi nikanywa maji.)

Kwa hiyo ninasimama kwenye ngazi ya Ghazali. Ninachodaiwa na kilichomo tumboni kinakua kadiri kinavyokua chenyewe. Siku ya kumi ninadaiwa kidogo, lakini si sifuri; mwezi wa tano ninadaiwa karibu yote. Na katika muda wote huo yuko mtu mwingine ambaye deni lake halijawahi kuwa na shaka, naye ndiye tunayemsahau tukishaanza kupigania "lini".

Nilimsahau na mimi. Hili sikuliandika kwenye karatasi, lakini kwa kuwa nimemsema mwenye suti, ni haki nijiseme. Miaka kadhaa baada ya habari ya bafta, aliletwa msichana wa kidato cha pili, sketi ya shule imelowa damu mpaka kwenye soksi. Shangazi yake anasema kaanguka bombani. Mimi nilijua hakuanguka. Badala ya kutafuta mshipa, nikavuta kiti. Nikamuuliza: nani kakutoa? Umetumia nini? Akanyamaza. Nikauliza tena, kwa ukali. Nilikuwa nadhani ninamtetea yule ambaye hakuweza kujisemea. Dakika zilipita. Daktari aliingia, akaona mikono yangu imekunjwa kifuani, na wala hakunigombeza. Alisema tu, "Dada, damu kwanza." Yule msichana alipona. Nashukuru, lakini sijisifu kwa hilo, maana halikutokana na mimi.

Kutibu mwanamke anayetoka damu baada ya mimba kutoka, kwa njia yoyote iliyotoka, si kosa nchini kwetu. Ni kazi yako. Wauguzi, hilo mlishike. Na kifungu cha 230 cha sheria ileile kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema na uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Tatizo ni kwamba kinanong'ona, na madaktari wanaogopa kitu kinachonong'ona. Mwaka 1938 daktari Aleck Bourne wa London alimtoa mimba binti wa miaka 14 aliyebakwa na askari, akajipeleka mwenyewe kwa polisi ili sheria iseme kwa sauti. Akaachiwa. Mantiki ya kesi ile imetufikia hata Afrika Mashariki, lakini ni wauguzi wangapi wameisikia? Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, mwaka 2007, yenye ibara ya 14 inayotaja kubakwa, maharimu na hatari kwa mama kuwa sababu za kuruhusu kutoa mimba. Kenya iliridhia mwaka 2010 ikaweka pingamizi kwenye kipengele hichohicho. Sisi hatukuweka pingamizi, na sheria yetu ya adhabu hatukuibadilisha. Tumekubali kwa wageni, tumekataa nyumbani.

Huko Nairobi, Juni 2019, majaji watano wa Mahakama Kuu waliamua kwamba Wizara ya Afya ilikosea ilipoondoa miongozo ya kuwaelekeza wahudumu juu ya utoaji mimba. Nyuma ya kesi hiyo alikuwapo msichana aliyebakwa, akaenda kwa asiye na ujuzi, akaugua miaka, akafa 2018. Wanasheria wanaikumbuka kwa namba ya shauri. Watafiti walikadiria mimba zilizotolewa Kenya mwaka 2012 kuwa zaidi ya 464,000, na hapa kwetu mwaka 2013 takriban 405,000, nchi zote mbili zikiwa na sheria kali. Sizitaji kuwatisha. Nazitaja kwa sababu kila moja ya hizo ni mtu aliyekuwa anahesabu siku kwenye kalenda, kama nilivyohesabu mimi kutoka Idi, na wengi hawakuwa na wa kumwuliza.

Nimeambiwa zimebaki dakika kumi. Watayarishaji walitaka nimalize kwa azimio, lakini sina. Nina ombi kwa wauguzi wa mwaka wa mwisho: mkipangiwa vituo vyenu, angalieni kitabu cha mimba zilizoharibika kina safu ngapi. Kama hakina pa kuandika jinsia, chukueni rula.

Maswali sasa. Tuanze na yule dada wa nyuma kabisa, mwenye ushungi wa bluu. Ulinyoosha mkono tangu nilipomtaja mwindaji.